Mbuzi wa Mwalimu Mkuu Walivyosomewa Maoni Mstarini

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu sasa naweza kuitamka bila kutokwa jasho, maana mwanzoni nilikuwa nikiikumbuka tu najifunika kanga usoni, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nilikuwa mgeni kabisa hapa Songea, nimetoka kwetu Tunduru na begi moja na sweta moja (baridi ya huku hakuna aliyeniambia), nikapangiwa Darasa la Tatu kwenye shule moja ya Msamala, na somo lilikuwa kuandika maoni. Sasa hebu mweleze mtoto mdogo maoni ni kitu gani! Nikiuliza, "Mnaonaje?" wanaitikia wote, "Ndiyo, mwalimuuu!" Nikamsimamisha Neema, binti mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akanijibu kwa huruma kabisa, "Mwalimu, mimi sina maoni. Labda dada yangu anayo."

Hapo nikatupa macho dirishani, nikaona mbuzi watatu wanatafuna maua tuliyopanda juzi. Nikaona huo ndio mfano wenyewe. "Tazameni pale! Kwa maoni yangu, mbuzi wale wafungiwe, kwa sababu wanakula maua yetu. Mmeona? Kwanza maoni, halafu sababu." Watoto wakatazamana (hapo mwenye akili angeshtuka, mimi nikadhani wameelewa), nikanogewa, nikaongeza, "Na wakirudi tena nawapika pilau!" Walicheka mpaka wengine wakateleza chini ya madawati, halafu wakaandika kuliko siku zote.

Neema ndiye aliyeandika vizuri zaidi, basi kwa kiherehere changu nikaamua Ijumaa aisome insha yake mstarini, mbele ya shule nzima, tena siku ambayo wazazi walikuja kwenye kikao. Nilitaka sifa, nisiwafiche.

Akasimama, akashusha pumzi. Darasani aliandika "mbuzi wale", lakini mbele ya wageni nadhani aliona afafanue. "Kwa maoni yangu, mbuzi wa mwalimu mkuu wafungiwe!"

Wa mwalimu mkuu! Nani angeniambia? Nikamfanyia ishara akae, naye akadhani namwambia aongeze sauti. "Sababu ya kwanza, wanakula maua yetu! Sababu ya pili, wanakunya mlangoni kwetu! Sababu ya tatu, Mwalimu Zuhura amesema wakirudi tena atawapika pilau!"

Mzazi mmoja akakohoa, kumbe anabana kicheko. Mwalimu mkuu, mzee mrefu asiyecheka ovyo, akageuka kunitazama, na mimi badala ya kunyamaza nikajitetea, "Shikamoo, mwalimu," (nilishamwamkia asubuhi!) "tulikuwa tunaongelea mbuzi wengine, siyo wa kwako."

"Ni walewale, mwalimu," Neema akanisahihisha. "Hata yule wa pembe moja alikuwepo."

Wazazi wakaangua kicheko. Mimi tayari nilishajiona kwenye basi la kurudi Tunduru, begi mapajani, nikitunga maneno ya kumwambia mama. Mwalimu mkuu akanyanyua mkono, watu wakatulia.

"Kuna mwenye maoni tofauti?" akauliza.

Mtoto mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha kidole. "Mimi naona wasifungiwe, kwa sababu watalia."

Hapo mzee mwenyewe akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema wale mbuzi wana muda mrefu wakirandaranda shuleni, walimu wanaona, wazazi wanaona, na hakuna aliyewahi kumwambia, kila mtu anamwamkia tu na kupita. "Mtoto ameniambia, tena na sababu. Leo jioni nawafunga."

Na kweli aliwafunga. Baadaye aliniita ofisini, nikaingia, akaniambia, "Mwalimu Zuhura, endelea kuwafundisha hivyohivyo," halafu akarudi kwenye kazi zake. Basi. Nilitoka pale mwepesi kama nimetuliwa gunia la mahindi, nikakaa nyuma ya choo cha walimu nikacheka na kulia kwa pamoja.

Ila nimeapa, sitoi tena mfano darasani kabla ya kuulizia. Juzi nilitaka tutoe maoni kuhusu uji wa shule, nikakumbuka, nikauliza kwanza, "Wanangu, huu uji anapika nani?"

"Dada yake mwalimu mkuuu!"

Nikawaambia watoe vitabu vya hesabu.