Kitabu Ambacho Mzee Alikataza Tusikifuate

Nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba natandaza kahawa juani simu ilipoita, na nilipoona jina la binti wa mzee nikajua kabla ya kupokea. "Dada, Baba amepumzika," alisema. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu kidogo marehemu, ingawa sijawahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ni yule mzee wa Izigo aliyepima kahawa ya wakulima mpaka akastaafu, halafu akaanza kusoma vitabu kama mtu aliyefika mezani wenzake wakiwa wameshakula nusu. Tumemzika kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kilichomwondoa ni uvimbe wa koo. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyoujua ugonjwa huo, kwa sababu sisi rafiki zake tuliusikia kwanza kama hadithi, na tukaufurahia.

Kila Jumamosi alasiri tulikutana watu wanne kwenye duka la vitenge hapa Bukoba: mzee huyo, aliyekuja mjini na basi la asubuhi, mwenye duka, ambaye ni mama wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na mkono wazi, dereva mmoja mstaafu, na mimi. Hatukuanza na habari za nyumbani. Mwenye duka alipitisha kisahani cha kahawa ya kutafuna, akauliza, "Haya, nani anasoma nini?" Kila mmoja alieleza kitabu alichonacho na mahali alipofikia, na ilikuwa mwiko kutaja mwisho. Ukivutiwa ulisema, "Nafuata," na tangu hapo kitabu kilikuwa ahadi yako. Mwenzako akikimaliza, hata ndugu yake wa damu hakukupita. Vitabu vyenyewe tulivivika karatasi za kalenda za zamani visichakae, kwa hiyo ulikijua kitabu kwa maneno ya aliyenacho tu. Mimi niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, ili wadogo zangu waendelee. Kama kuna mahali nilipomalizia masomo, ni kwenye benchi la duka lile.

Msimu uliopita wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mzee alikuja na kitabu kipya. Kinamhusu mwanaume mmoja mjane mwenye shamba na binti wa pekee, alisema. Asubuhi moja tonge la ndizi linamkwama kooni. Anakunywa maji, linashuka, anasahau. Kesho yake linakwama tena.

"Halafu?" aliuliza dereva.

"Halafu nimefikia hapo."

Mwenye duka akapiga kofi. "Nafuata!"

Mzee alitikisa kichwa. "Hiki usikifuate, mama."

"Kwa nini? Kina matusi? Mimi mtu mzima, waitu jamani, nilishayasikia yote."

"Hakina matusi. Usikifuate tu."

Tulicheka. Tulidhani anatuongezea hamu, na alifanikiwa. Kuanzia hapo vitabu vyetu sisi wengine vilielezwa harakaharaka ili tufike kwa mjane wake. Kila wiki alitusogeza mbele kidogo. Mjane ameacha ndizi, sasa anakunywa uji. Mjane anawaambia majirani kuwa amefunga kwa ajili ya maombi. Mjane anasikia sauti yake inabadilika, anaacha kuimba kanisani, anasogea viti vya nyuma. Binti yake anaolewa mvua zikiisha, naye ameamua asimwambie mpaka harusi ipite.

"Hapo amefanya vizuri," alisema dereva. "Mwanaume gani anaharibu sherehe ya mwanawe kwa koo?"

"Mwanaume mwenye akili!" mwenye duka alimkatiza. "Mimi ningekuwa huyo binti, ningelia mpaka kaburini kwangu. Harusi gani ile, baba yako anakufa huku wewe unapima shela?"

"Wewe mama unasoma kama unagombana na mteja."

"Na wewe unasoma kama unaendesha lori, hutazami pembeni. Mzee, mwandishi ameamuaje?"

Mzee alifunga kitabu juu ya goti. "Mwandishi bado hajaamua," alisema, na sauti yake ilikwaruza.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa. Kisahani kilipopita mbele yake alichukua punje za kahawa, akazishika mkononi, kisha akazitia mfukoni polepole. Baba yangu alikuwa na namna hiyo hiyo miezi yake ya mwisho: alipokea sahani, akashukuru, halafu chakula tukakikuta kwa kuku. Nikatazama kitabu. Mzee alikuwa na kawaida ya kuweka alama kwa uzi wa mgomba uliokauka, na uzi ule ulikuwa karibu na jalada la mbele, palepale ulipokuwa wakati wa senene. Tulikuwa tumesimuliwa hadithi nzima, na kitabu hakikuwa kimesogea.

Jumamosi iliyofuata alitugawia kadi za harusi ya binti yake. Mwenye duka aliisoma yake, akaigeuza, akaisoma tena. Dereva alishika kofia yake akitazama sakafu. Nilimsindikiza mzee stendi.

"Mzee, huyo mjane ni wewe."

Hakukana. "Nimebakiza kurasa chache, Dada. Usinimalizie kitabu."

"Binti yako lazima ajue."

"Ule mwiko wetu umeuona wa mchezo?" Akapanda basi bila kuniaga.

Katika mkoa huu watu wa rika langu tumelelewa ndani ya ukimya wa namna hiyo. Mgonjwa alisemekana ana homa kidogo, nasi watoto tulitumwa maji kisimani ili watu wazima waongee. Tuliporudi na ndoo, sentensi zilikuwa zimekatwa katikati. Nilikuwa mkubwa kati ya ndugu zangu na sikuambiwa lolote, mpaka asubuhi nilipokuta nyasi mpya za msiba zimetandazwa sebuleni na wanawake wamekaa chini. Nilijua upande wa pili wa ukimya ule una nini. Kwa hiyo sikungoja. Kesho yake nilikwenda Muleba, ambako binti yake anafundisha, nikamwambia.

Alimpeleka baba yake kwa madaktari, nao wakasema amechelewa. Harusi iliharakishwa, ikafanyika uani Izigo bila mbwembwe. Mzee alikaa karibu na binti yake na kikombe cha uji, akiupokea kwa vijiko, mbele ya macho ya wote, bila kusingizia kufunga. Aliwasalimu wageni mmoja mmoja. Mimi aliniruka. Hakuja tena dukani, na sikuwahi kusikia sauti yake tena.

Baada ya mazishi binti aliniita pembeni akanipa kile kitabu, bado kimevikwa kalenda. "Baba alisema upewe wewe, kwa kuwa hujui kungoja mwisho."

"Alisema kwa hasira?"

"Alitabasamu, Dada. Kucheka kulikuwa kumeshamshinda."

Nilipobandua karatasi nilikuta ni kitabu cha ufugaji wa nyuki.

Jumamosi iliyopita tulikutana watatu. Kisahani kilipita, swali likaulizwa. Dereva alikohoa, akasema ana kitabu kizuri sana, kinamhusu mzee mmoja ambaye siku hizi, akikaa peke yake nyumbani, haoni sababu ya kuamka. Hakuna aliyesema "Nafuata." Mwenye duka alinyoosha mkono. "Lete tukione."

"Nimekisahau nyumbani."

Mwenye duka alinyanyuka, akaanza kukunja vitenge vilivyoning'inia nje, akafunga mlango wa duka mchana kweupe. Tukatembea na dereva, mmoja kila upande, mpaka kwake. Ndiyo maana leo nawaomba: mtu akikusimulia kwa kirefu anachosoma, furahi naye, kisha mwambie akuonyeshe kitabu. Kikikosekana, usirudi kwako. Kwa dereva tulitafuta kila rafu, tukapika, tukala naye, na kitabu hatukukiona.