Chapa Tu, Mwalimu

Mimi niliwahi kumng'ang'ania mwalimu anichape, na hesabu nilikuwa nimeipata. Juzi niliona mwalimu wa binti yangu hapa Voi akizunguka kati ya madawati, nikakumbuka.

Zamani kwetu Mwanda mwalimu alikaa mbele. Akija nyuma, anakuja na kiboko. Siku hiyo mwalimu mpya alitembea mpaka dawati letu la nyuma, akinukia sabuni na chaki. Nikanyoosha mkono.

"Chapa tu, mwalimu. Silii!"

Akaangalia daftari langu. "Lakini umepata."

"Chapa!"

Akaniwekea chaki kiganjani, akanituma ubaoni. Nilienda nimenuna, nikidhani kiboko kiko huko. Kumbe alitaka niwaonyeshe wenzangu nilivyoipata.

Tukitoka, Mwakio, rafiki yangu wa dawati moja, akasema, "Mjinga wewe! Lakini kesho mimi nakaa upande wako wa dawati, huko kwa njia, akuje kwangu pia."