Mwanafalsafa wa Jovitha kule Kamachumu

Mimi si mtu wa safari. Tangu niolewe nimekaa Bilele, hapa Bukoba mjini, na nikifika Miembeni kununua sabuni najiona nimetembea. Aliyeniondoa nyumbani ni Jovitha, binti wa shemeji yangu, aliyezaliwa Mwanza na anayesoma shahada ya pili. Kihaya chake kinaishia kwenye salamu. Alikuwa anaandika utafiti kuhusu familia ambazo migomba yao ilikatwa kwa ajili ya ugonjwa wa mnyauko, na msimamizi wake alikuwa amemrudishia kazi.

"Amesema mwanafalsafa ninayetumia nadharia yake nimemkaribisha sura ya pili, nikamsifu, halafu sikumpa kazi yoyote ya kufanya," aliniambia.

Asiporekebisha hahitimu mwaka huu. Akaomba nimpeleke kwa dada yangu Koku, mjane anayeishi Kamachumu, wilaya ya Muleba, ili niwe mkalimani, maana Kiswahili cha Koku ni kidogo.

Asubuhi tulipanda basi dogo pale stendi ya Bukoba. Kabla ya Kemondo nilikuwa nimeshauliza mara kadhaa kama tumefika. Jovitha, ili ninyamaze, akaanza kunifundisha.

"Huyu mwanafalsafa anasema, ukitaka kujua jambo lilivyo kwa mtu, kwanza weka kando unachodhani unakijua. Usikifute. Kiweke tu pembeni, umsikilize aliyepatwa."

"Alikuwa mwanaume?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mwanaume anayeweka kando anachodhani anakijua! Huyo mimi sijawahi kukutana naye."

Akacheka, ila nikamwonya kwamba kwa Koku anapoteza nauli. Nililala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa, nini nisichokijua? "Analilia ndizi zake na pombe yake ya rubisi. Andika hivyo, turudi leo leo."

Muhutwe tulishuka, na kutoka pale ni bodaboda kupanda mlima. Nilimkumbatia yule kijana wa watu kiunoni kama mchumba, nikafumba macho, nikasali rozari. Nilipofumbua tulikuwa juu.

Nyumba ya Koku zamani ulikuwa huioni kwa migomba mpaka uwe mlangoni. Safari hii niliiona tangu njia panda, imesimama peke yake na mibuni michache.

"Kaije waitu, karibuni!" Koku akapiga kelele. "Odi, wewe leo umetoka nyumbani? Nani amekufa?"

Mchana, baada ya kula, kazi ikaanza barazani. Jovitha akawasha kinasa sauti kwenye simu. "Muulize, siku migomba ilipokatwa, ilikuwaje kwake?"

Nikamgeukia dada yangu, nikamwambia kwa Kihaya: "Anauliza ulipata hasara kiasi gani."

Koku akajibu kwa kifupi, "Kubwa."

Nikamgeukia Jovitha, nikamweleza ndizi zilivyokuwa nono, wageni walivyokuwa wakinywa rubisi hapa, na bwana shamba alivyosimamia panga mpaka shina la mwisho. Nilieleza vizuri mno, mpaka mwenyewe nikaguswa.

Jovitha akazima simu. "Mama mkubwa, yeye amesema neno moja."

"Ndiyo maana nimemsaidia!"

"Hapo umejihoji mwenyewe. Nikipeleka hii, nimekwisha." Hakuwa anatania, macho yalikuwa yamemjaa maji. Nikaona aibu, ingawa mdomoni niliendelea kujitetea mpaka wakati wa kulala.

Asubuhi ya pili Koku alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Jovitha akanisogezea kikapu chote.

"Tafsiri neno kwa neno. Ukitaka kuongeza la kwako, weka kahawa mdomoni utafune."

Koku akacheka mpaka akajishika mbavu. "Huyu mtoto amesoma kweli!"

Nikatafuna. Swali lilikuwa lile lile la jana, na nililipeleka kama lilivyo: ilikuwaje kwako? Nilitafuna nyingine. Kisha Koku akasema, taratibu, akiangalia lile shamba tupu:

"Walipomaliza kukata, nilikaa hapa nikaona barabara. Miaka yote sikujua iko karibu hivyo. Na waliomo barabarani wakaniona. Tangu marehemu aondoke, nikizidiwa nilikuwa naingia kwenye migomba. Nalia huko, namaliza, najifuta, natoka nawasalimu watu. Sasa sina pa kulilia."

Nilipoyatamka yale maneno kwa Kiswahili, nilitamka hayo hayo, bila kuongeza la kwangu.

"Huyu dada yangu amekuwa akinitumia unga," Koku akamwambia Jovitha kwa Kiswahili cha shule ya msingi. "Unga ni mzuri. Nakula." Akanigeukia. "Leo umesema kidogo, Odi. Unaumwa?"

Nilikuwa nimetoka nyumbani na ushauri tayari: apande mahindi, apande maharage. Nikautafuna pamoja na kahawa. Kabla hatujaondoka, Koku aliingia jikoni. Nikamfuata, nikafunga mlango, barabara isituone, tukakaa wawili. Ya mle ndani sitayaeleza.

Wakati wa kurudi Jovitha aliandika njia nzima kutoka Muhutwe, karatasi juu ya goti. Alisema itabidi arudi kwa familia zote alizokwisha kuzihoji, maana kote aliuliza hasara. Baadaye msimamizi alimpigia simu kwamba sasa nadharia inaonekana kwenye kazi, amalizie. Nilifurahi kama nimefaulu mimi, niliyeishia kidato cha nne.

Lakini siku ile ile tuliyorudi, jioni, nilipoingia kwangu Bilele, mume wangu aliuliza kabla sijavua viatu, "Koku anaendeleaje?"

Kwa kawaida ningemjibu mpaka chakula kipoe.

"Mpigie umuulize mwenyewe," nikamwambia. "Na akianza kusema, nyamaza."