Majani Yaliyomwagwa Bwaloni

Kila alasiri mvua ya Litein ilipiga mabati ya bwalo letu kwa kishindo, hata ukipaza sauti mwenzako hakusikii, na sisi wa drama tulikaa kwenye benchi zilizonuka maharagwe na sabuni ya kipande tukingoja ipungue. Mimi kungoja sikujua. Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya tisini, na miguu yangu ilicheza chini ya benchi mpaka wenzangu wakanikanyaga nitulie. Baba alikuwa ameshasema wazi kwamba drama inaharibu wasichana. Angekuja siku ya wazazi ajionee mwenyewe, na asiporidhika, ningeacha. Mchezo ambao angeuona niliuandika mimi.

Mwalimu Kerubo, aliyetufundisha kuandika michezo, alitoka Kisii na hakuwa na subira na maneno matamu. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na mfalme, mchawi na binti aliyezimia kila baada ya ukurasa. Aliusoma akiwa amesimama, akauliza, "Wewe ushaona mfalme wapi?" Likizo fupi ilipofika akanituma nikasikilize watu kwenye kituo cha kuuzia majani chai karibu na kwetu. Nilikaa kando ya vikapu huku wakulima wakingoja lori, majani yakipata joto na kuanza kunyauka, wao wakitaniana, wakinung'unika, kisha wakinyamaza ghafla alipotokea karani wa kukagua na kupima majani. Ni watu niliowajua tangu nizaliwe, na nilikuwa sijawahi kuwasikia. Nilirudi shuleni kichwa kimejaa, usingizi ukanipaa.

Basi nikaandika juu ya mkulima mzee aliyechuma kutwa nzima. Karani anamwaga majani yake, anayakataa, naye mzee anachukua kikapu na kwenda zake. Mwalimu alisema mwisho haumridhishi, lakini hakuniambia kwa nini. "Utajua mwenyewe," alisema, na jibu hilo lilinikera wiki nzima.

Siku ya wazazi ilipofika tulichuma majani halisi kwenye shamba la shule, majani mawili na chipukizi, laini kabisa, kama kiwanda kinavyotaka. Baba aliketi mbele, kofia gotini. Rafiki yangu Chelangat, aliyeigiza karani, alikimwaga kikapu sakafuni, akasema, "Takataka hii!" na kuyakanyaga majani kwa viatu vyake vya shule.  Kisha Baba akasimama.

"Wewe karani! Hiyo majani iko na makosa gani?" Alikuja mpaka mbele, akapiga magoti, akaanza kuyakusanya. "Angalieni nyinyi wenyewe! Hii ni majani mbili na chipukizi!" Mzee mwingine akainuka, "Ni kweli, kila siku wanatufanyia hivi!" Mama mmoja akamwita Chelangat mwizi. Maskini Chelangat akaangua kilio, akisema yeye ni mwanafunzi tu, si karani. Hapo ukumbi mzima ukacheka. Baba alibaki pale chini, majani mkononi, uso umemshuka, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona drama yangu imekwisha.

Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko, hataki kuniangalia. "Hiyo mwisho yako ni ya uongo," alisema. "Mzee hawezi kubeba kikapu aende tu hivyo. Andika vile nilisema." Alivaa kofia aende zake, kisha akanigeukia tena. "Na huyo msichana anaigiza mzee, mwambie aongeze sauti." Nilicheka huku nalia. Jioni hiyohiyo nikaanza kuandika upya.

Leo mashine zinachuma chai kwenye mashamba makubwa, nami nafundisha wanafunzi kuandika michezo. Wana taa, wana vipaza sauti, na michezo yao, nakiri, ni mizuri kuliko yetu. Lakini pazia likifunguka siwezi kuketi. Nazunguka nyuma ya ukumbi nikiwatazama wazazi badala ya jukwaa. Wananyoosha simu zao, wanarekodi, wanapiga makofi panapostahili. Baba amezeeka na hasafiri tena, ila kila nikimtembelea lazima aniulize mchezo ulikwendaje.

"Watu walipiga makofi sana, Baba."

"Kuna mtu alisimama?"

"Hapana."

"Basi waambie waandike tena."