Siku Nilipomfuta Mgeni Rasmi Ukutani

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka, na leo naitoa mwenyewe kabla mdogo wangu Sechelela hajawaletea na ninyi akiitia chumvi.

Nilikuwa nasoma kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo nyuma ya Majengo, darasa lenye mashine kumi na moja zilizochoka na vumbi la Julai linaloingia hata madirisha yakifungwa (anayeujua upepo wa Dodoma mwezi huo hahitaji maelezo). Zilikuwa siku nzuri, naziwaza mpaka leo. Ikafika siku ya wazazi, na baba yangu, Mzee Danieli, akapanda basi kutoka Haneti na mfuko wa karanga mapajani. Hakuja kutembea. Sechelela alikuwa amemaliza kidato cha nne na anataka kunifuata chuoni, na mzee alishasema, "Nitaona kwanza kaka yake anafundishwa nini, ndipo niamue." Kwa hiyo mngeniona nilivyopiga pasi shati asubuhi ile, mngejua nimebeba maisha ya mtu.

Mwalimu wetu, Mama Rehema, akanipa kazi nyepesi: orodha ya wageni inaonekana ukutani mwa ukumbi kwa projekta, mgeni akiingia naongeza jina lake. "Tumia ile programu rahisi, maelekezo yote yako chini ya skrini," akasema. Mimi nikaona rahisi ya nini mbele ya baba? Nikafungua vi, ile ya dirisha jeusi ambayo mafundi wanaiendesha bila kugusa kipanya, na ambayo tulifundishwa siku moja tu, siku ambayo mimi nilikuwa nje nakula chipsi mayai.

"Unaijua hiyo?" akaniuliza.

"Naijua, mwalimu." (Kwetu mkubwa akikuuliza kama umeelewa, jibu ni ndiyo, mengine mbele kwa mbele.)

Baba akaingia, akasalimia ukumbi mzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", akakaa mstari wa mbele karibu na mgeni rasmi, ofisa mmoja wa suti na uso usiocheka. Nikaanza kuandika Danieli. Sasa, vi haikubali uandike hivi hivi, lazima kwanza ubonyeze i, la sivyo kila herufi inakuwa amri, na D kubwa ni amri ya kufyeka mstari ambao kishale kimesimama, nami kishale nilikiacha mstari wa kwanza, wa mgeni rasmi. Jina lake na cheo chake vikayeyuka ukutani watu wote wakitazama, na mahali pake pakatokea "nieli", maana a nayo ni amri, ya kuanza kuandika. Nikashtuka, nikataka kutoka, nikaandika exit, halafu quit, halafu, Mungu anisamehe, nikaiandikia kwa Kiswahili, toka, toka, na yote yakajipanga pale pale kwenye nafasi ya mgeni, herufi nene kama za bango.

"Kijana, ni mimi unayenifukuza?" mgeni akauliza.

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba peke yake hakucheka.

Mama Rehema akaja taratibu, akabonyeza Esc, akabonyeza u, ile ya kutengua, mara mbili, na jina la mgeni likarudi kama halijawahi kuondoka. Akashuka mstari wa chini, akabonyeza i, akamwandika baba.

"Kumbe hata humo mtu anapiga hodi kwanza," baba akasema.

"Ndiyo, mzee wangu, na akitoka anaaga. Kijana wako kapitia dirishani."

Jioni nikamsindikiza stendi, nikijua nimemfungia mdogo wangu mlango. Mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, akageuka.

"Sechelela ataanza muhula ujao."

"Baba! Pamoja na yale?"

"Kwako sikuona kitu. Nimemwona yule mama. Mkubwa kafutwa mbele za watu, wanaume wote tumekaa tunatazama, yeye kabonyeza mara mbili, mtu karudi. Nataka binti yangu awe hivyo."

Siku hizi Sechelela ndiye anayefundisha pale chuoni, na mkasa wangu ndio somo lake la kwanza. Mimi nimeapa: nisichokijua nasema sikijui, hata aulize nani. Ila baba tulishamzika, na kusema kweli, kama hiyo ingekuwa njia ya kumwona tena amekaa mstari wa mbele, ningekubali kuchekwa vile kila siku.