Kompyuta Iliyoganda Huku Sauti ya Bibi Ikiendelea

Nakumbuka siku moja, Jumamosi ya masika, nyumbani kwetu Sokon One, kompyuta iliganda mbele yangu nikadhani nimempoteza bibi yangu angali hai.

Mwanangu, najua mvi sina, na ukiniona barabarani utanidhania dada yako. Lakini mimi ni mdogo wake mama yako, na kwa desturi yetu mama mdogo ana haki ya kukuita mwanangu na ya kukuchosha kwa nasaha. Umeniandikia kwamba laptop yako inaganda tangu uiwekee toleo jipya la Linux, na mwenzako wa hosteli amekwambia uifute yote uanze upya. Kabla hujamsikiliza, kaa nikusimulie.

Unajua kwamba bibi yangu mzaa baba, yule wa kule mlimani, alipata kiharusi akapoteza usemi. Kabla ya hapo nilikuwa napanda kwake kila nilipopata nafasi, namrekodi akisimulia: jinsi walivyochuma kahawa wakiimba, jinsi alivyomkataa mchumba wa kwanza kwa sababu alikula ndizi bila kumgawia mtu hata kipande. Alisimulia Kimeru na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, akijicheka mwenyewe. Sauti zote hizo zilikuwa ndani ya kompyuta ile ya mezani, na hazikuwa mahali pengine popote. Akiba haiozi, wanasema wazee. Mimi methali nyingi huzibishia, lakini hiyo niliipuuza tu bila hata kuibishia.

Basi asubuhi ile niliusasisha mfumo, Linux kama wako, kwenda toleo jipya. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaonyesha sura mpya ya kupendeza. Nikafungua faili moja, mshale ukasimama. Saa ya pembeni mwa kioo ikasimama. Nikabonyeza kila kitufe, kimya. Nikaizima kwa kuishikilia swichi, nikaiwasha. Ikaenda kidogo, ikaganda tena. Nikarudia, nikarudia. Kila mara nilijiambia safari hii itakubali, ingawa sikuwa nimebadilisha kitu chochote.

Nikampigia Elibariki, fundi kijana mwenye kibanda Kijenge, mcheshi na mwepesi wa mkono. Alifika na flash yake ikining'inia shingoni.

"Sista, hii imekufa," alisema kabla hata hajakaa. "Tunafuta yote, tunapiga mfumo upya. Saa moja tu unaipata kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo tutaviombea."

Nikacheka, kisha nikaona hatanii. Na bado nilimwachia kiti. Mimi, mwanangu, ambaye chuoni nilikuwa namwuliza mhadhiri maswali mpaka wenzangu wananizomea, niliposikia neno "imekufa" nilikubali bila swali hata moja. Hofu humfanya mtu mtiifu.

Aliyetuzuia ni baba mkubwa wangu, ambaye kwako wewe ni babu. Alikuwa ameshuka mjini siku hiyo kwa shughuli za usharika, akapitia kwetu kunywa chai. Unamjua: amestaafu kazi ya bwana mifugo, lakini hajastaafu kuuliza maswali.

"Shikamoo mzee," Elibariki akasema akiwa tayari ameinama kuchomeka flash.

"Marahaba. Unataka kuchinja?"

"Kuchinja nini tena, mzee?"

Baba mkubwa akavuta kiti, akakoroga chai yake taratibu mpaka nikatamani kumnyang'anya kijiko. Kisha akatukumbusha jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Ng'ombe akianguka zizini, majirani hawaji na dawa, wanakuja na visu. Wanasema tumuwahi, nyama isiharibike. Wakati mwenye ng'ombe bado analia, wao wameshagawana: huyu mbavu, yule maini.

"Nimefika kwenye maboma mengi nikakuta kisu kimeshanolewa," alisema. "Mimi huuliza mawili tu. Anapumua? Na jana alikula nini ambacho juzi hakula? Mara nyingi ni majani mabichi ya maharage, yana umande, tumbo limejaa gesi. Unapitisha mpira kooni, gesi inatoka, ng'ombe anasimama. Wenye visu wanarudi kwao wakiwa wamenuna."

Elibariki akacheka. "Sasa mzee, hii itapumulia wapi?"

"Muulize huyo msomi. Chuo kilimfundisha kubishana na mimi. Hakikumfundisha kubishana na mashine?"

Ilinichoma. Na kumbuka, sauti iliyokuwa hatarini ilikuwa ya mama yake mzazi. Angekuwa na haki ya kupiga kelele kuliko mimi, lakini yeye alikuwa anakoroga chai.

Nikarudi kwenye kiti changu. Inapumua? Nikaiwasha, na safari hii, kabla haijaganda, nikafungua simulizi ya yule mchumba mchoyo. Bibi akaanza kuongea. Mshale ukasimama, saa ikasimama, kioo kikawa kama picha ya ukutani. Lakini bibi aliendelea! Aliendelea mpaka kwenye ndizi, mpaka kwenye kicheko, bila kukwama hata neno moja.

Baba mkubwa akaweka kikombe chini, akageuza uso kuelekea dirishani.

"Basi haijafa," Elibariki akasema, polepole safari hii. "Ni kioo tu kimekwama."

Hapo ndipo akili zangu ziliponirudia. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Picha ikatoweka, kikatokea kioo cheusi chenye maandishi meupe, kikiniuliza jina langu. Sijawahi kufurahi kuulizwa jina namna ile. Nikaingia, na jambo la kwanza, kabla ya kutafuta ugonjwa, nikamwomba Elibariki flash nyingine iliyo tupu, nikanakili sauti zote. Tulipohakikisha zimefika, nikaichomoa ile flash nikaitia mfukoni mwangu.

Kisha swali la pili: jana ilikula nini? Nikasoma kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia wenyewe. Mistari ile ile ilijirudia, ikilalamikia sehemu inayochora picha kwenye kioo. Toleo jipya lilikuja na kiini kipya cha mfumo, yaani kernel, na kadi yangu ya picha ni kuukuu; havikuelewana. Nikazima, nikawasha, na kwenye orodha ya mwanzo nikachagua kiini cha zamani ambacho bado kilikuwepo. Sikugusa kitu kingine. Mshale ukatembea. Tukakaa tukiusubiri ugande. Tukanywa chai nzima, haukuganda. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nilibaki na kiini cha zamani mpaka marekebisho yalipotoka.

"Mbavu zangu zimeniponyoka," Elibariki akasema akivaa flash yake, na baba mkubwa akacheka mpaka akafuta macho. Labda hakikuwa kicheko kitupu.

Wiki iliyofuata tulipanda mlimani tukamsikilizisha bibi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ilipokaribia pale kwenye ndizi, kabla sauti haijafika, yeye alianza kutikisika mabega kwa kucheka.

Kwa hiyo mwanangu, usiruhusu mtu aifute mashine yako kwa sababu tu yeye ana haraka. Kwanza uliza kama bado inapumua: sauti inaendelea? Kioo cheusi kinakuja? Ikiwa ndiyo, toa nakala ya vitu vyako kabla ya jambo jingine. Kisha uliza kilichobadilika, urudishe kimoja kimoja, na usiguse viwili kwa wakati mmoja, maana ikipona hutajua imepona kwa nini. Ikishindikana kabisa, hapo futa, lakini ufute ukijua. Na kuwauliza watu maswali ni vizuri, endelea; ila siku ukiogopa, ndiyo siku ya kuuliza zaidi.

Mungu akupe utulivu wa mikono, akulindie sauti za uwapendao, na kila kilichosimama mbele yako akijalie kutembea tena. Nipigie ukishaiwasha.