Mama Kiraka, muunga majina

Mlango wa duka umefunguliwa nusu tu, lakini Mama Kiraka tayari yuko nje, mikono kiunoni, shingo mbele, anamwita mtoto ambaye hajazaliwa.

"Pulanema! We Pulanema! Njoo ule!"

Ng'ambo ya barabara, fundi viatu anaacha nyundo hewani. "Unamwita nani, Mama Kiraka? Pua Njema?"

Mama Kiraka anaguna, anarudi ndani. Kwenye benchi wameketi mume na mke, tumbo la mke limetangulia kama mgeni wa heshima. Katika lugha ya kwao mume, mvua ni *pula*. Mke naye anataka neema.

"Wanangu, limekataa," anawaambia. "Jina likivuka barabara likawa pua, likifika shuleni litakuwa kamasi."

Anageuza vipande, neema mbele, pula nyuma, kisha anatoka tena. "Neemapula!"

"Hilo sawa!" anajibu fundi viatu. "Hata mimi ningeitika."

Kazi ya Mama Kiraka ni kudarizi shali za watoto wachanga kwa cherehani ya kukanyaga, katika chumba kinachotazamana na lango la wodi ya wazazi. Zamani alikuwa akidarizi majina anayoletewa, basi. Kisha siku moja wakamwingilia mabibi wawili wa mtoto mmoja, kila bibi na jina la lugha yake, na shali ni moja. Wakaivuta, huyu huku, yule kule, mpaka shali ya kitoto ikatosha kitanda cha watu wazima.

"Nikachukua kichwa cha jina hili na mkia wa lile," anasimulia. "Nikashona. Kila bibi akaondoka akijua ameshinda."

Tangu hapo watu hawakomi kumjia, maana mtaa huu una lugha nyingi kuliko matundu ya paa lake. Jina halitozi, hulipwa ya shali tu. Siku njema huuza tatu, siku mbaya hufukuza nzi. Waliomkejeli kwamba majina yake ni viraka ndio waliompa jina hilo la Mama Kiraka, naye akalipokea kwa mikono miwili. "Aliyevaa kiraka hakutembea uchi," anasema.

Kila kipande cha jina hukishona kwa rangi yake. Pale vinapokutana, husokota nyuzi zote mbili pamoja, ukitazama usijue lugha gani imeishia wapi. Na hakuna jina linalotoka dukani bila kuitwa barabarani. Anaapa kwamba kuna moja aliliita, akaitika mbuzi wa jirani, akaja mbio mpaka mlangoni. Jina likafumuliwa saa ile ile.

Watoto wa mtaa mzima wamepita mkononi mwake. Aliyekuwa hajamgusa ni mmoja, naye yuko njiani bado: mjukuu wake wa kwanza.

"Mama, wa wengine wote sawa," bintiye alimwambia mimba ilipoanza kuonekana. "Huyu wangu usimguse."

Binti alikuwa na sababu. Marehemu baba yake, dereva aliyetoka mbali, kwao mwanga ni *luz*. Mama Kiraka akatanguliza nuru ya kwake, mtoto akawa Nuruluz. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akaita, "Nuru... Uzi?" Darasa likaangua kicheko. Mtoto mwenyewe mwembamba, mama yake mshonaji. Ikabaki Uzi mpaka leo.

"Nilikuwa nikiitwa najiangalia gauni, nikidhani limefumuka," anasema Uzi. Leo anacheka. Zamani alikuwa akilia njia nzima.

Kwa hiyo Mama Kiraka alinyamaza. Miezi ikapita, akiunga majina ya wajukuu wa watu, na shali nyeupe ya mjukuu wake ikiwa imekunjwa rafuni, haina hata nukta.

Kilichomrudisha Uzi ni mama mkwe wake, mwanamke aishiye nchi ya mbali ambaye hawajawahi kuonana naye. Aliomba jambo moja tu: jina la mtoto liwe na neno *vita*. Kwa lugha yake, vita ni uhai. Alizika watoto wawili kabla ya kumpata huyu aliyemwoa Uzi. Lilikuwa ombi la mtu aliyeumia.

"Nisimame mlangoni nipige kelele 'Vita! Vita!'" Uzi alimwambia mumewe. "Si mtaa mzima utabeba magodoro ukimbie?"

Lakini kumkatalia mama yule hakuweza. Juma lililopita akaja dukani, akaketi kwenye benchi nyuma ya wateja wengine, akangoja zamu yake. Mama yake akajifanya hamjui.

"Karibu, mteja. Una shida gani?"

"Nina Vita tumboni, mama."

Wateja wakacheka. Mama Kiraka hakucheka. Alichukua chaki ya kukatia vitambaa, akaandika VITA juu ya meza, akaitazama muda. Kisha akaandika AMANI ubavuni mwake, akafuta A moja kwa kidole gumba.

"Vitamani," akasoma.

"Vitamini!" Uzi akaruka. "Mama, watamwita Vitamini!"

"Watamwita. Mtoto hakosi wa kumtania, mwanangu. Bora ataniwe kwa kitu cha kuongeza damu."

Uzi akainama juu ya ile chaki. "Hii A ya katikati umempa nani? Wewe au mama mkwe?"

"Hatumo. Hiyo ya mtoto mwenyewe."

Uzi akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, kama anayesoma kwa mara ya kwanza. "Mama," akasema, "humu ndani kuna *tamani*."

Mama Kiraka akavaa miwani, akaangalia. "Haki ya Mungu, hilo sikuliweka mimi."

"Basi shona," Uzi akasema, akageukia ukutani ili wateja wasimwone macho.

Jumapili mume wa Uzi alipiga simu kwao, akampa Mama Kiraka azungumze. Mabibi wawili, hawana hata salamu ya pamoja. Mama Kiraka akakohoa, akalitamka neno pekee alilokuwa nalo: "Vita."

Upande wa pili sauti ya kizee, iliyofundishwa na mwanawe, ikajibu polepole: "A-ma-ni."

Mama Kiraka akairudisha simu haraka, akajifuta uso kwa kipande cha shali.

Mtoto anatarajiwa mwezi ujao. Shali nyeupe imeshatoka rafuni. Imedariziwa jina lote, isipokuwa A ya katikati, ambayo nafasi yake imeachwa wazi. Mama Kiraka anasema hataishona mpaka mwenyewe azaliwe, na mpaka bibi wa pili aje, maana ameahidi kuja. Mmoja atashika kitambaa, mwingine atakanyaga cherehani.

"Mtaelewana vipi?" anaulizwa.

"Tutaelewana kwa lipi, na lugha hatuna?" anajibu, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Tutamgombania mtoto kwa ishara."